Wanyamwezi wa Majengo

Asubuhi ile gari la serikali lilipopita Majengo likitangaza kwamba kila mtu ni lazima awe na kabila, Rahema alikuwa amechuchumaa nyuma ya bucha ya mumewe akisafisha matumbo ya mbuzi. Hakushtuka mara moja. Tangu hali ya hatari itangazwe, gari lile lilikuwa limepita na mengi: watu wasitembee jua likishazama, wasikusanyike penye kahawa, wasiimbe nyimbo ambazo askari hawazielewi. Kwake kabila lilikuwa kama chanjo ya ndui. Watapanga foleni, watachanjwa, watarudi nyumbani na makovu yao.

"Wakikuyu, Waembu na Wameru wote wanaokaa mjini bila ruhusa," kilisema kipaza sauti, "watarudishwa katika vijiji vyao vipya. Makabila mengine yatabaki, mradi yawe na wazee wa kuyathibitisha. Asiye na kabila atahesabiwa kuwa anaficha."

Mikono ya Rahema ikasimama ndani ya karai. Yeye alikuwa amezaliwa Kianjokoma, upande wa Embu, akaitwa Wambeti, akakua akichunga mbuzi kwenye baridi ya mlima. Aliolewa na Idrisi, akasilimu, akapata jina jipya na binti mmoja, Hidaya, ambaye hata meno ya utotoni alikuwa hajamaliza kung'oa. Habari za Kianjokoma alizisikia kwa wapita njia: nyumba zimechomwa, watu wamefungiwa ndani ya kijiji chenye uzio wa miti iliyochongwa, wanawake wanachimba mtaro tangu alfajiri mpaka mgongo ukatae. Mama yake alikuwa humo.

Alinawa mikono, akaingia bucha. Idrisi alikuwa amesimama mbele ya gogo la kukatia, kisu mkononi, na mbele yake alikuwa Sajini Salesio wa homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, kama kila asubuhi.

"Hii maini iko ndogo," alisema Salesio.

"Mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo, Sajini."

"Jana pia ulisema ivo. Mnachinja watoto tu hapa? Mimi nalinda nyinyi mchana na usiku. Hii si maini ya Salesio. Hii ni maini ya usalama."

Idrisi akafunga maini ya usalama katika jani la mgomba, akaongeza na figo. Salesio akapokea, kisha akamwangalia Rahema kwa jicho la mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Mama Hidaya, umesikia gari?"

"Nimesikia."

"Sawa. Mimi nilikuwa nauliza tu." Akaondoka, bunduki begani, jani la mgomba likidondosha damu juu ya kiatu chake.

*

Majengo ulikuwa mtaa wa watu ambao babu zao walifika Meru wakibeba mizigo ya watu wengine, wakachoka, wakaoa. Ukimuuliza mtu kabila lake angekutajia dini yake, au kazi yake, au jina la mwenye nyumba wake. Baba yake Idrisi alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi, mtu mpole, marehemu siku nyingi. Mama yake alikuwa Bi. Mwanakombo, na hapo ndipo palikuwa na ugumu.

Bi. Mwanakombo alikuwa mwanamke wa pwani. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na mtaa mzima ulikuwa na adabu ya kutosha kukubali. Alivaa buibui hata kwenda kuokota kuni. Alisema "tafadhali" na "staghafirullahi" kwa namna iliyowafanya wauza mboga wajisikie hawakuoga. Kwamba alizaliwa Igoji, mwendo wa asubuhi moja kwa lori, akaitwa Igoki mpaka alipoolewa, kila mtu alijua, na hakuna aliyetamka. Kimeru hakukisema. Akisemeshwa Kimeru sokoni, aliinua nyusi na kungoja mtu atafsiri.

Rahema, mke wa mwanawe, alimwita "huyu mtoto wa mlimani".

"Huyu mtoto wa mlimani," alisema siku ile, akiwa ameketi juu ya mkeka na tasbihi mkononi, "ameunguza wali tena."

"Mama, wali mwache," alisema Idrisi. "Wanataka kumchukua."

"Nani anataka kumchukua?"

"Serikali. Wampeleke Embu, kijijini, akachimbe mtaro."

Bi. Mwanakombo akasogeza punje moja ya tasbihi. "Na wali atapika nani?"

Rahema alikuwa mlangoni na sinia. Alimsikia, na hakushangaa. Alikuwa amezoea kupendwa na mama huyu kwa njia ya kulalamikiwa. Mwaka aliougua homa ya matumbo, Bi. Mwanakombo alikaa kando ya kitanda chake akilalamika mchana kutwa kwamba mgonjwa hajui kuugua, huku akimnywesha uji kwa kijiko.

"Mwandikishe Mswahili," alisema mama mtu.

"Nimeuliza kwa karani Mithika wa bomani. Mswahili haimo. Mwislamu nayo haimo. Amesema kabila ni lazima liwe na wazee, mila na eneo."

"Basi wewe ni nani?"

Idrisi akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, na swali lile hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote ambaye hakubeba bunduki. "Baba alikuwa Mnyamwezi," alisema hatimaye.

"Unajua neno gani la Kinyamwezi?"

"*Mwangaluka*. Alikuwa akitusalimia asubuhi."

"Na jioni?"

"Jioni alikuwa amechoka."

*

Kabila likaundwa siku iliyofuata nyuma ya bucha, kati ya ngozi zilizokuwa zikianikwa. Mzee wake akawa Jumaa, muuza ngozi, ambaye baba yake alikuwa Mkamba na mama yake Mnubi, lakini alikuwa na ndevu nyeupe za kupendeza na fimbo. Watu wengine wa mtaa waliokuwa na wake wa mlimani, au mama wa mlimani, au wao wenyewe walikuwa wa mlimani ila walikuwa wamesahau, wakaja mmoja mmoja kuomba kuwa Wanyamwezi. Jumaa aliwapokea kwa ukarimu. Aliwafundisha ile salamu. Walipomuuliza maana yake kamili, aliwajibu kwamba ina maana nyingi sana na wasijisumbue.

"Mimi sipendi uongo," alisema Rahema alipowaletea chai.

"Si uongo, binti yangu," alisema Jumaa. "Wao wameuliza swali lisilo na jibu. Sisi tunawasaidia."

*

Siku ya kuhakikiwa, uwanja wa boma ulikuwa umegawanywa kwa vibao. Kila kabila lilikaa chini ya kibao chake juani. Wasio na kabila walikalishwa karibu na choo. Bwana Shauri, Mzungu kijana aliyeletwa kushughulikia mambo ya makabila na usalama, alikuwa nyuma ya meza, pua imemwiva kama nyanya, karani Mithika kuliani kwake na Sajini Salesio kushotoni. Alikuwa mtu mwenye bidii. Alipenda kila kitu kikae mahali pake, na alikuwa amekuja katika nchi ambamo hakuna kitu kilichokuwa mahali pake tangu yeye na wenzake wafike.

Wanyamwezi wa Majengo wakasogea mezani, Jumaa mbele na fimbo yake.

"Kabila gani?" aliuliza Bwana Shauri.

"Wanyamwezi, afande."

Uso wa Mzungu ukang'aa. Akasimama. "Mwangaluka!" akasema kwa sauti kuu.

Bwana Shauri, ikaja kujulikana, alipita Tabora kwa gari moshi wakati wa vita vya Hitla, akashikwa na malaria, akalazwa hapo, na mhudumu mmoja alikuwa akimsalimia kila asubuhi.

"Mwangaluka," alijibu Jumaa, akiinama.

"Mwangaluka, mwangaluka!" alisema Bwana Shauri, akicheka, akimpa mkono Idrisi.

"Mwangaluka," alisema Idrisi, jasho likimtoka.

Bwana Shauri akangoja waendelee. Wao wakangoja aendelee. Kila upande ulisimama ukitabasamu, ukiogopa neno la pili la mwenzake, mpaka Rahema akatambua, kwa mshangao uliokaribia kumchekesha, kwamba Mzungu naye alikuwa amefika mwisho wa Kinyamwezi chake.

"Mzuri sana," alisema Bwana Shauri, akakaa haraka. "Andika, Mithika. Lugha yao nasikia mimi mwenyewe. Safi kabisa."

Hapo Salesio akakohoa. "Afande. Huyu mwanamke si Mnyamwezi. Huyu ni Mwembu ya Kianjokoma. Jina yake Wambeti. Mimi najua yeye."

Rahema aliangalia chini, akaona vidole vyake vya miguu vimejikunja ndani ya makubazi kama vinavyotaka kushika ardhi.

"Kweli, mama?" aliuliza Bwana Shauri.

Jumaa ndiye aliyejibu, na baadaye aliapa kwamba hakujua maneno yale yalitoka wapi. "Ni kweli, afande. Alikuwa Mwembu. Lakini kwa mila yetu, mwanamke akiolewa, kabila lake la zamani linakufa. Tunalizika."

"Nazika? Nazika namna gani?"

"Tunachinja mbuzi. Tunachimba kaburi dogo uani. Tunazika jina lake la kwao pamoja na mifupa. Tangu hapo hakuna anayeweza kulitamka. Likitamkwa" — Jumaa akamtazama Salesio kwa huruma — "aliyelitamka anavimba tumbo."

Salesio akashika tumbo lake kabla hajajizuia.

Bwana Shauri alikuwa ameinama mbele, macho yanameta. Mila! Tangu aje Meru alikuwa akitafuta mila ambayo hakuna Mzungu aliyeiandika kabla yake, na kila alipokwenda wamishonari walikuwa wamemtangulia. "Hiyo kaburi," alisema, "iko wapi?"

"Iko uani, afande," alisema Jumaa, sauti ikimpungua.

"Mzuri. Alhamisi mimi nakuja kuona. Na hapana ona kaburi tu. Mimi nataka ninyi nafanya tena, yote, mbele yangu. Mimi naleta kamera."

*

Bi. Mwanakombo alikasirika kwa siku zote zilizobaki. Kuzika jina! Na mbuzi! Hakupata kuona ushirikina wa namna ile katika maisha yake yote ya pwani. Jumaa alimweleza kwamba hakuna dua wala tambiko ndani yake, ni mifupa tu, na mifupa hata mbwa huizika.

Alhamisi ikafika. Idrisi akachinja mbuzi mzima asiyekuwa na mteja. Shimo likachimbwa penye mpapai, na Wanyamwezi wakalizunguka wakiwa na nyuso za huzuni ambazo kwa kweli zilikuwa za woga. Bwana Shauri alifika kwa Landrova akiwa na kamera shingoni, akawapanga upya, warefu nyuma, wafupi mbele. Jumaa akamtaka Rahema ashike kichwa cha mbuzi, akinong'oneze jina lake, kisha akiweke shimoni.

Rahema akakishika. Kilikuwa bado kina joto. Alikuwa ameazimia kunong'ona chochote, hesabu au majina ya mboga, kwa kuwa yote ilikuwa sanaa. Lakini alipoinamisha mdomo kwenye sikio lile, likatoka lenyewe: Wambeti. Hakuwa amelitamka kwa muda mrefu sana. Lilitoka kwa sauti ya mama yake, vile alivyokuwa akimwita kutoka ng'ambo ya kijito, akivuta silabi ya katikati.

"Sasa lia kidogo, mama," alisema Bwana Shauri nyuma ya kamera. "Kidogo tu."

Rahema akalia. Bwana Shauri akapiga picha, akasema asante, inatosha. Haikutosha. Mpaka shimo likafukiwa, mpaka Landrova ikaondoka, alikuwa bado amepiga magoti penye mpapai, mabega yanatikisika, na Wanyamwezi wote wakajifanya kuangalia mawingu. Bi. Mwanakombo akatoka mlangoni, akamfuta uso kwa upindo wa buibui lake, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria.

"Mtoto wa mlimani," alisema. "Hata kulia hujui. Makamasi yote haya."

Jioni hiyo walikula nyama ya msiba na Rahema akapewa pasi yake: Rahema mke wa Idrisi, Mnyamwezi, aruhusiwe kukaa mjini.

*

Kama mambo yangekomea hapo, watu wa Majengo wangesimulia kisa hicho kwa kicheko mpaka leo. Lakini serikali ikishampenda mtu humtafutia kazi. Bwana Shauri aliamua kwamba kabila aminifu namna ile halifai kukaa bure. Jumaa, Idrisi na wanaume wengine wa Kinyamwezi wakaitwa bomani, wakapewa mikuki na vitambaa vya kufunga mkononi, wakawa homugadi chini ya Sajini Salesio.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatoa Waembu wa Majengo.

Waembu wenyewe hawakuwa wengi. Wengi wao sasa walikuwa Wanyamwezi. Aliyebaki karibu na bucha alikuwa Nelius, mjane Mkristo aliyepanga chumba ukuta kwa ukuta na Rahema na kuuza viazi vitamu vya kuchemsha. Nelius aliambiwa na Jumaa aingie kabila. Alikataa. Alisema amebatizwa mara moja na hataki kuzikwa mara mbili.

Lori lilisimama mbele ya bucha jua likiwa limepanda. Bwana Shauri alikuja mwenyewe kuona kabila lake linavyofanya kazi. Idrisi alisimama na mkuki wake akiushika kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mwavuli.

"Saidia yeye," alisema Salesio.

Idrisi akabeba sufuria la Nelius, akabeba godoro lake la majani makavu, akampa mkono apande. "Unisamehe, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Mkuki usikuchome," alisema Nelius. "Umeushika kichwa chini."

Alipokaa juu ya godoro lake, alimwona Rahema amesimama mlangoni na Hidaya. Wanawake hawa wawili walikuwa wameongea Kiembu kupitia ukuta ule kila siku, wakipika. Sasa Nelius akapaza sauti, kwa Kiembu, kama alivyozoea: "Wananipeleka Kianjokoma. Mama yako nitamkuta. Nimwambie nini?"

Salesio akageuka. Akamtazama Rahema, meno nje, akingoja. Bwana Shauri naye akageuka.

"Yeye nasema nini?" aliuliza Mzungu.

Rahema alielewa kila neno. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia mama yake: kwamba ana mjukuu, kwamba mjukuu ana macho yake, kwamba asibebe mawe na mgongo ule. Mkono wa Hidaya ulikuwa ndani ya mkono wake. Akifungua mdomo kwa lugha ile, wote wawili hawatalala pale usiku huo.

"Sijui," alisema kwa Kiswahili. "Sielewi."

Nelius akamkodolea macho. Taratibu uso wake ukabadilika, akafahamu, na ule ufahamu ulikuwa mbaya kuliko kama angemtukana.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya Rahema. Ilikuwa sauti nene, ya kifuani, sauti ya mwanamke aliyekulia kwenye miteremko ambako watu huongea kutoka shamba hadi shamba, na ilikuwa Kimeru, Kimeru kizima cha Igoji, kisicho na "tafadhali" hata moja.

"Mwambie mama yake hivi! Mtoto wake yuko kwangu! Anakula, anashiba, ana mtoto wa kike mwenye akili! Mwambie hapigwi! Mwambie wali anaunguza, lakini nimeshazoea!"

Mtaa mzima ukageuka kumtazama. Bi. Mwanakombo alikuwa amesimama kizingitini, buibui limemwangukia mabegani, kidole kimeelekezwa lorini. Nelius akaitikia kwa Kiembu kwamba amesikia na atafikisha, kwa kuwa watu wa milima ile husikizana.

Salesio ndiye aliyepata sauti kwanza. "Afande! Huyo ni Mmeru! Hiyo Kimeru ni ya Igoji kabisa!"

"Alizikwa," alisema Jumaa haraka, akija mbio na mkuki wake. "Afande, huyu naye tulimzika, zamani sana, kaburi limeota nyasi..."

"Nani kanizika?" Bi. Mwanakombo akamgeukia. "Wewe Jumaa? Wewe muuza ngozi unizike mimi ningali hai?"

"Mama, nyamaza," alisema Idrisi. "Mama, tafadhali."

"Nimenyamaza miaka mingi." Akamkabili Bwana Shauri, akavuta buibui likakaa sawa, na akarudia Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Bwana, mimi naitwa Igoki, binti wa Igoji. Mwanangu ni wa kabila la baba yake, na mkewe ni wa kwake. Mimi mila za bara hizi za kuzika mbuzi sizijui, na staghafirullahi, sitazijua."

Bwana Shauri alikuna pua yake iliyobambuka. Lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini lilikuwa wazi, na mambo ya wazi yalikuwa adimu. Mmeru, mjini, bila ruhusa. Akamwangalia homugadi aliyekuwa karibu zaidi na mlango.

"Wewe. Pandisha yeye."

Huyo alikuwa Idrisi. Alisimama muda mrefu. Salesio akakohoa, akafungua komeo la bunduki, akalifunga. Basi Idrisi akaweka mkuki chini, akamwinua mama yake kwa mikono miwili kama anavyoinua mzoga wa ndama, akampakia lorini kando ya Nelius. Mama mtu alimkemea kwa kumshika vibaya. Lori lilipoondoka alikuwa bado anamkemea.

*

Nyumba bila Bi. Mwanakombo ilikuwa kimya kiasi kwamba Rahema alianza kujilalamikia mwenyewe akipika. Idrisi alikata nyama, akamfungia Salesio maini yake, akaenda zamu na mkuki wake. Usiku aligeukia ukutani.

Rahema alikwenda kwa karani Mithika kuomba ruhusa ya kwenda Igoji. Mithika alikuwa kijana wa shule ya misheni, mwenye shati jeupe lisilosamehe doa. Akamtazama, akatazama pasi yake.

"Wewe ni Mnyamwezi. Kijiji cha Wameru unaendea nini?"

"Mama mkwe wangu yuko huko."

"Mama mkwe wako ni Mmeru?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani. Mnyamwezi haingii kijiji cha Wameru kutembelea jamaa, kwa sababu Mnyamwezi hana jamaa Meru. Angekuwa nao, angekuwa Mmeru. Angekuwa Mmeru, angekuwa yuko huko tayari." Alisema bila ubaya. Alikuwa ameanza kuamini maneno yale, kama mtu anavyozoea harufu ya mahali anapofanya kazi.

"Nani basi anaruhusiwa kuingia?"

"Polisi. Wamishonari. Wafanyakazi wa watu."

"Wafanyakazi gani?"

"Waalimu. Waganga. Watumishi wa nyumbani."

Rahema akafikiri kidogo. "Niandike mtumishi wa nyumbani."

"Wa nani?"

"Wa Bi. Mwan... Wa Igoki."

Mithika akainua kalamu, akaishusha. "Mama mzee anayechimba mtaro ana mtumishi wa nyumbani?"

"Kuna sheria inayokataza?"

Mithika alitafuta katika kichwa chake, akatafuta tena. Haikuwepo. Serikali haikuwa imelifikiria jambo hilo. Akaandika.

*

Kijiji cha Igoji kilikuwa safu za vibanda vya nyasi vilivyobanana juu ya kilima kilichonyolewa miti, kama kichwa cha mgonjwa. Wanawake walikuwa mtaroni, udongo mwekundu ukiruka juu ya mabega yao. Homugadi wa langoni, kijana mrefu aliyeitwa Kiogora, alisoma karatasi ya Rahema mara mbili, midomo ikitembea.

"Igoki!" akaita kuelekea mtaroni, hajui acheke au aogope. "Igoki! Mtumishi wako amefika!"

Majembe yote yakasimama. Wanawake wakainua vichwa, na kicheko kikaanza upande mmoja kikasafiri hadi upande wa pili. Kicheko cha kwanza kusikika mtaroni humo, alivyosema Kiogora baadaye. Katikati yao alisimama Bi. Mwanakombo. Hakuwa na buibui. Kichwani alikuwa na kitambaa cha gunia, miguu yake ilikuwa myekundu hadi magotini, na alikuwa amekonda hivi kwamba Rahema alimtambua kwa nyusi tu.

Nyusi zikainuka.

"Amechelewa," alisema Bi. Mwanakombo. Akamnyooshea jembe.

Rahema akateremka mtaroni. Alipolipokea jembe aliona viganja vya mama mkwe wake, malengelenge yamepasuka juu ya malengelenge. Akataka kuvishika. Bi. Mwanakombo akaviondoa, akapanda ukingoni, akaketi, akakunja miguu kama yuko juu ya mkeka wake.

"Mtoto anakula?" aliuliza kwa Kimeru, bila kumwangalia.

"Anakula," alijibu Rahema, na hakujua amejibu kwa lugha gani mpaka maneno yalipokwisha kutoka. "Anakuuliza kila siku. Baba yake halali."

"Mwambie alale. Alinibeba vibaya, lakini mtu hulala." Akakung'uta udongo magotini. "Na Nelius?"

"Alifika. Ameleta salamu kupitia dereva wa lori. Mama yangu ameambiwa yote. Amecheka habari za wali."

Bi. Mwanakombo akatikisa kichwa polepole, akageuza uso upande wa mlima. Rahema alichimba. Udongo wa huku ulikuwa mzito kuliko wa kwao, na jembe lilikuwa butu.

"Usilishike hivyo! Utajikata mguu. Huko Embu mlikuwa mnalimia vijiko?"

"Huko Embu majembe yana makali, mama."

Wakaendelea hivyo, huyu kwa Kimeru, huyu kwa Kiembu, wakijibizana juu ya jembe, na juu ya wali, na juu ya Jumaa na ndevu zake, mpaka Kiogora akasogea ukingoni na karatasi yake mkononi, uso umekunjamana.

"Mama," alisema, "hapa pameandikwa mtumishi wako ni Mnyamwezi. Kiembu amekijulia wapi?"

Bi. Mwanakombo akamtazama kijana yule kuanzia kofia hadi viatu.

"Nimemfundisha mwenyewe," alisema.